Ukiamka na Njaa Saa Tisa Usiku: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Wapo watu ambao usingizi wao hukatika katikati ya usiku bila mtoto kulia wala jirani kufungulia muziki. Macho hufunguka yenyewe mnamo saa nane au saa tisa, feni inazunguka, mbwa wa mtaa wa pili wanabweka, na tumbo linanguruma kiasi kwamba aliyelala pembeni anaweza kulisikia. Kinachofuata kwa wengi wetu kinajulikana: kwenda jikoni gizani, kufunua sufuria na kukwangua ukoko kwa kijiko tukiwa tumesimama. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa, kwanza nikiwa mpangaji wa chumba kimoja Mwananyamala na baadaye nikiwa na familia Tabata, na nilichelewa kuelewa kwamba njaa ya saa tisa usiku kwa kawaida hutengenezwa mchana, na kwamba chakula cha kuituliza huamuliwa vizuri kabla ya kulala tu. Mtu aliyeamshwa na njaa hachagui. Hula kilicho karibu na mkono.

Njaa hii hutoka wapi

Mwili wa mtu mzima mwenye afya umejipanga kupita usiku mzima bila kula. Ini huhifadhi sukari, takribani gramu 80 hadi 100, na huitoa kidogo kidogo tunapolala ili ubongo usikose nishati. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, kwa kawaida hupanda usiku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Frank Scheer na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu 12 katika maabara yenye mwanga hafifu, wakavuruga ratiba yao ya kulala na kula, na wakakuta kwamba saa ya ndani ya mwili huipandisha njaa hadi kileleni mnamo saa mbili usiku na kuishusha hadi chini kabisa mnamo saa mbili asubuhi. Maana yake ni kwamba kuanzia wakati wa chakula cha jioni njaa inatakiwa iwe inateremka. Ikipanda saa tisa na kukuamsha, ipo sababu, na mara nyingi sababu hiyo haimo jikoni.

Sababu ya kwanza kwa mkazi wa jiji hili ni jinsi siku yake ilivyo. Mfikirie mtu anayeishi Gongo la Mboto au Mbagala na kufanya kazi Posta. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kutia kitu kinywani, hunywa chai ya rangi na maandazi mawili saa nne, hula wali maharage kwa mama ntilie saa saba kama siku ni nzuri, au huruka kabisa kama mfuko haujakaa sawa, kisha hukaa kwenye foleni hadi saa mbili usiku. Huyu amekula siku nzima chakula cha nusu siku. Hata akijaza ugali jioni, sahani yake inakuwa na mlima wa ugali na mchuzi wa kulowanishia tu, na mlo wa wanga mtupu usio na maharage, samaki, nyama au mboga ya kutosha humeng'enywa upesi kuliko mlo uliochanganywa. Sababu ya pili ni wale wanaokula mapema, saa kumi na mbili, chai na mkate, wakalala saa tano. Kufikia saa tisa wamepita saa tisa bila kula.

Sababu ya tatu huwashangaza wengi: usingizi mchache wenyewe huleta njaa. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago wakiongozwa na Karine Spiegel na Eve Van Cauter waliwalaza vijana 12 wa kiume saa nne tu kwa usiku mbili, na wakilinganishwa na walipolazwa saa kumi, leptini yao ilishuka kwa asilimia 18, grelini, ambayo ni homoni ya kuchochea njaa, ilipanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoieleza wenyewe iliongezeka kwa asilimia 24. Kwa hiyo anayeamka kula na kisha kukaa macho saa nzima na simu anaitengeneza njaa ya kesho.

Sababu ya nne ni mazoea. Waislamu wanaijua hii vizuri. Baada ya Ramadhani kumalizika, wapo wanaoendelea kuamka wakati wa daku kwa siku kadhaa ingawa hakuna anayepita na ngoma wala anayebisha mlango. Mwili uliolishwa saa ile ile kila usiku hujifunza kuisubiri saa hiyo, na hautofautishi daku ya ibada na chipsi za mazoea.

Hatua ya kwanza: pambanua kilichokuamsha

Usishuke kitandani mara moja. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, kwa kuwa njaa, kiu, hamu na uroho ni maneno manne ya mambo manne. Kati ya Desemba na Machi, usiku wa Dar es Salaam huwa na joto na unyevu mwingi hata alfajiri, na mtu aliyelala chini ya chandarua bila feni hutoka jasho hadi shuka linaloa. Kiu ya namna hiyo, mtu akiwa nusu usingizini, huchanganyika kwa urahisi na njaa. Weka glasi au chupa ya maji safi kando ya kitanda, kunywa, kisha subiri robo saa ukiwa umelala. Ikiwa njaa imeondoka, haikuwa njaa.

Kama bado ipo, jiulize swali ambalo mimi hulitumia: je, ningekula kipande cha muhogo wa kuchemsha, usio na chumvi wala nazi? Ukijibu ndiyo, una njaa, na unapaswa kula. Ukijibu hapana, lakini ukaona kwamba chipsi mayai yenye kachumbari ingepita, hiyo ni hamu, na hamu huisha ukilala.

Kisha sikiliza mahali hasa panapouma. Njaa ya kawaida ni utupu na mngurumo. Ikiwa unachosikia ni moto au mkwaruzo juu ya kitovu, chini ya kifua, unaokuja saa mbili au tatu baada ya kula, unaokuamsha usiku na kutulia ukila, basi inawezekana si njaa bali ni vidonda vya tumbo, hasa vile vya mwanzo wa utumbo mwembamba. Jambo hili linastahili mkazo, kwa sababu mtu anaweza kuishi na kidonda miaka mingi akijiambia kwamba yeye ni mtu wa njaa ya usiku, kila mara akijitibu kwa glasi ya maziwa. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, halafu huchochea tumbo kutoa asidi zaidi, na maumivu hurudi. Chanzo kikubwa cha vidonda hivi ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu hununua duka la dawa na kuzimeza kwa mgongo au goti miezi mfululizo. Vyote viwili vina kipimo na tiba hospitalini. Havina tiba katika friji.

Mwisho, angalia kama unatetemeka, unatoka jasho baridi, moyo unakwenda mbio au kichwa hakikai sawa. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, acha kusoma hatua nyingine na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya wenye kisukari hapa chini.

Hatua ya pili: kula kidogo, na ule kitu chenye uzito

Mtu mwenye njaa ya kweli ale. Sikubaliani na wanaoshauri kwamba mtu avumilie hadi asubuhi kwa kuwa eti chakula cha usiku chote hugeuka mafuta. Mtu anayejigeuzageuza kitandani hadi adhana ya alfajiri hapati faida yoyote, na kesho yake atakula zaidi. Kinachodhuru ni sahani nzima ya pili ya chakula cha jioni. Kiasi cha kutosha ni kama kalori 150 hadi 200, na kiwe na protini au mafuta kidogo pamoja na wanga, ili tumbo litulie bila sukari ya damu kupaa na kushuka.

Chaguo langu la kwanza ni ndizi mbivu pamoja na karanga. Ndizi moja ya wastani, tuseme mtwike, ina kalori kama 105, na kama ni ndizi za kisukari, zile fupi, mbili zinatosha. Ongeza karanga za kukaanga zinazojaa nusu ya kiganja na umemaliza. Ndizi haina haja ya friji, haina haja ya kupika, haiamshi nyumba kwa kelele za sufuria, na mtu wa Mabibo hana kisingizio kwa kuwa soko la ndizi liko mlangoni kwake. Karanga zichague mwenyewe mchana, kwenye mwanga. Iliyonyauka, yenye ukungu au yenye uchungu itupwe, kwa sababu ukungu wa karanga na mahindi huweza kuwa na sumukuvu, ambayo inaharibu ini na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Gizani saa tisa huwezi kuona karanga mbovu. Utaitambua kwa ulimi, na ukiutambua uchungu, tema.

Yai la kuchemsha lina kalori kama 75 na gramu 6 za protini, na kwa watu wengi yai moja na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa hutosha hadi asubuhi. Kikombe cha mtindi usiotiwa sukari ni kizuri vilevile, na wale ambao maziwa mabichi huwajaza gesi mara nyingi huuvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wake wameshapunguza sukari ya maziwa iliyokuwemo. Nusu ya parachichi na chembe ya chumvi, au kikombe cha uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, vinafaa. Uji una kasoro moja tu: nani ataukoroga saa tisa? Ukiuhifadhi kwenye chupa ya chai tangu saa tatu usiku, hakikisha unapoumimina bado unaunguza. Uji vuguvugu uliokaa saa sita ni shamba la bakteria.

Vya kuacha ni vile ambavyo mkono huviendea wenyewe. Soda na juisi ya boksi hupandisha sukari upesi na kukuacha na njaa ileile baada ya saa moja au mbili. Chai ya rangi na kahawa vina kafeini, na nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini saa tano baadaye. Chipsi, sambusa na mandazi yaliyolowa mafuta hukaa tumboni na kuleta kiungulia ukilala. Pilipili na achari ya ndimu havihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuamka koo likiwaka. Pombe huleta usingizi wa awali, kisha huuvunja alfajiri, hukausha maji mwilini na inaweza kushusha sukari ya damu, kwa hiyo aliyekunywa jioni bila kula vizuri asishangae kuamka saa tisa na njaa ya ajabu.

Kuhusu kiporo

Sehemu hii nimeipa nafasi yake kwa sababu ndiyo iliyoniumiza mwenyewe. Ilikuwa Februari, usiku wa joto kali. Tulikuwa tumepika wali wa nazi mnamo saa moja jioni na sufuria ikabaki juu ya jiko, imefunikwa vizuri. Saa tisa nikaamka, nikafunua mfuniko, na matone ya maji yaliyokuwa yameganda chini yake yakanidondokea mkononi. Ukoko ulikuwa bado na joto la mbali, na ulikuwa na uchachu mdogo ambao niliudhani ni wa nazi. Nikala nusu sahani. Kabla ya saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa nimejikunja chooni nikitapika hadi nyongo. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno mengi. Alisimama mlangoni na kusema, "Baba watoto, wali wa nazi haulazwi," akaenda kunikorogea maji ya chumvi na sukari.

Alikuwa sahihi, na sayansi ina maelezo. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi wali unapochemka. Wali ukiachwa kwenye joto la chumba, mbegu huchipua, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu inayoleta kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kupasha moto, na hapo ndipo wengi tunapokosea, kwa kudhani kwamba kiporo kilichochacha kidogo kinaokolewa na moto mkali. Joto lile la mbali nililolisikia kwenye ukoko, ambalo lilinitia moyo kwamba chakula bado ni kipya, ndilo lililokuwa likiwalea.

Kanuni ya kufuata ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 isizidi saa moja. Wali utakaobaki uutoe kwenye sufuria ukiwa bado wa moto, uutandaze kwenye chombo kipana ili upoe upesi, kisha uingie friji. Usisubiri watu wote wamalize kuangalia taarifa ya habari. Ukiupasha, upashe mara moja tu hadi utoe mvuke kila upande. Umeme ukikatika usiku, friji iliyobaki imefungwa huhifadhi ubaridi kwa takribani saa nne. Kila anayefungua kuchungulia anazipunguza. Nyumba isiyo na friji isiweke kiporo cha wali, maharage, mchuzi wa nazi wala samaki kwa ajili ya usiku. Iweke ndizi, karanga, embe au papai ambalo halijakatwa, mayai mabichi ya kuchemsha papo hapo, na pakiti ndogo ya maziwa yasiyohitaji ubaridi hadi yafunguliwe.

Hatua ya tatu: namna ya kula na kurudi kulala

Andaa kabla. Kabla ya kupiga mswaki usiku, weka sehemu ya usiku kwenye bakuli moja lenye mfuniko au chini ya kawa, kiasi kile ulichoamua, na chakula kingine chote kifungiwe. Hatua hii moja ilinisaidia kuliko zote, kwa sababu maamuzi yanafanywa na mtu aliyeshiba.

Ukiamka, usiwashe taa kubwa. Mwanga mkali huuambia ubongo kumekucha. Kaa kwenye kiti, kula polepole bila simu, maliza kilichomo bakulini, sukutua kinywa kwa maji, na urudi kitandani. Kusukutua si urembo: mate hupungua sana tunapolala, na wanga uliobaki kwenye meno hupata usiku mzima wa kufanya uharibifu. Mwenye kiungulia asilale chali papo hapo. Akae wima kwanza kwa muda, kisha alale ubavu wa kushoto, kichwa na mabega vikiwa juu kidogo. Kuweka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani hufanya kazi vizuri kuliko kurundika mito, ambayo hukunja tumbo.

Hatua ya nne: rekebisha mchana

Hapa ndipo tiba yenyewe ilipo, na inahitaji kama wiki mbili za uvumilivu kabla hujaanza kulala moja kwa moja. Anza na asubuhi. Anayetoka alfajiri afunge mayai mawili ya kuchemsha, au chapati na maharage, au hata kiporo salama cha jana kutoka kwenye friji, na ale akifika kazini kabla ya saa mbili badala ya kusubiri maandazi ya saa nne. Mchana, kwa mama ntilie, omba wali upungue kidogo na maharage na mchicha viongezeke. Nimeona kwamba wengi wao hukubali bila kuongeza bei, hasa ukiomba kwa adabu na ukiwa mteja wa kila siku. Anayeruka mlo wa mchana ili kuokoa fedha ajue kwamba fedha ileile huitumia usiku.

Chakula cha jioni kiishe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kwa anayefika nyumbani saa tatu hili ni gumu, na sitajifanya kwamba ni rahisi. Njia inayowezekana ni kuugawa mlo: mahindi ya kuchoma, karanga au ndizi saa kumi na mbili akiwa bado njiani, kisha mlo mdogo nyumbani wenye dagaa, maharage, choroko au samaki, mboga za majani kwa wingi, na ugali unaolingana na ngumi yake badala ya mlima. Ugali wa dona hushibisha kwa muda mrefu zaidi kuliko wa sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki ndani yake. Kwa wale wa upande wa pili, wanaokula mapema sana, kikombe cha maziwa au mtindi saa nne usiku mara nyingi hulimaliza tatizo lote.

Kama tatizo ni mazoea, punguza bakuli la usiku hatua kwa hatua, robo kila baada ya siku tatu au nne, hadi libaki glasi ya maji tu. Kuacha ghafla huwashinda wengi.

Watu ambao mwongozo wao ni tofauti

Mwenye kisukari anayetetemeka au kutoka jasho usiku apime sukari yake mara moja. Chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita ni sukari iliyoshuka, na kama hana kipimo na dalili zipo, atibu bila kusubiri. Atumie gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au kama mililita 150 za soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Apime tena baada ya dakika 15, na arudie kama haijapanda. Ikishapanda, ndipo ale kitu cha kukaa, kama kipande cha mkate na yai. Karanga au maziwa ya mafuta havifai kuanza navyo, kwa kuwa mafuta huchelewesha sukari kuingia damuni. Kama mgonjwa amezimia au hawezi kumeza, asitiwe chochote kinywani. Apelekwe hospitali kwa chombo chochote kinachopatikana. Hali hii ikitokea hata mara moja usiku, amweleze daktari wake, kwa sababu huenda dozi ya jioni inahitaji kubadilishwa.

Mama anayenyonyesha ana njaa ya haki. Kutengeneza maziwa hutumia karibu kalori 500 za ziada kwa siku, na mtoto anayenyonya saa nane na saa kumi anachukua chakula cha mama yake saa hizohizo. Huyu asipewe ushauri wa kupunguza bakuli. Awekewe chakula kando ya kitanda, na kazi hiyo iwe ya mume au ya mama mkwe aliyekuja kumtunza: uji wa ulezi au wa lishe ulio moto, mayai, ndizi, na jagi la maji, kwa kuwa kiu humjia mara tu mtoto anapoanza kunyonya.

Mjamzito ale kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo lake limebanwa na kiungulia kiko karibu. Akijikuta usiku anatamani udongo, ule unaouzwa sokoni kwa vipande na ambao wengine huuita pemba, asione aibu kumwambia muuguzi wa kliniki. Tamaa hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, ambao hupimwa kwa tone moja la kidoleni.

Anayetumia dawa za kifua kikuu, hasa baada ya wiki za kwanza, hupata njaa kubwa kwa kuwa mwili umeanza kupona na unadai kilo zake. Ale. Wanaotumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, nao huongezeka njaa, lakini hiyo inatokana na dawa yenyewe, na dawa hiyo haikatizwi bila daktari. Walinzi, wauguzi wa zamu na madereva wa usiku wao wako macho kazini, kwa hiyo wale mlo kamili kabla ya zamu na kitu chepesi katikati, wakiepuka mlo mzito kati ya saa sita na alfajiri.

Lini uende kupima

Nenda kituo cha afya, usisubiri wiki mbili, kama njaa ya usiku inaambatana na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito ingawa unakula. Hizo ni dalili za kisukari, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi inahitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha pili. Nenda kama unakonda huku moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na joto likikushinda kuliko wenzako, kwa kuwa tezi ya shingo inaweza kuwa inafanya kazi kupita kiasi. Choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au maumivu makali ya ghafla ya tumbo ni ya hospitali usiku huohuo.

Ipo pia hali ambayo daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliieleza mwaka 1955, ambapo mtu hula robo au zaidi ya chakula chake cha siku nzima baada ya mlo wa jioni, au huamka kula angalau mara mbili kwa wiki akiwa na fahamu zake, huku asubuhi hana hamu ya kula kabisa, na mara nyingi ana huzuni au msongo. Huyo si mroho, na kufungiwa kabati hakumsaidii. Anahitaji mtaalamu wa afya ya akili.

Ukienda kumwona daktari, usiende mikono mitupu. Kwa siku saba kabla, andika kwenye daftari au simu saa uliyokula chakula cha jioni na ulichokula, saa uliyoamka, mahali panapouma kama papo, ulichokula usiku na kama kilikutuliza, pamoja na kila dawa unayomeza, hata zile za duka la dawa na za miti shamba.